Kanyamaisho, Kilima Kilichohama

Odilia alikuja kwangu Nshambya kwa ajili ya macho yake. Daktari alimwambia asirudi Mwanza kwanza, akae karibu mpaka aitwe tena, na mimi nikamwambia, gesti huendi, kitanda changu ni kipana na mwenzangu Projestus amelala zake makaburini, hatagombania blanketi. Basi tumekaa hapa barazani vikongwe wawili, mmoja jicho limefungwa bandeji, mwingine magoti hayapandi ngazi, tunamenya ndizi na kusema watu. Odilia ni wifi yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, lakini kabla ya kuwa wifi alikuwa rafiki yangu, na urafiki ndio uliotangulia kupanda mlima. Siku moja mjukuu wangu Jackline akatusikia tunataja kile kilima, akachukua simu yake. "Bibi, kinaitwaje?" Nikamwambia Kanyamaisho, kipo kule Muleba, nyuma ya Kagoma. Akabonyeza, akabonyeza. "Bibi, hakipo. Kuna baa tu ina jina linafanana, na yenyewe iko Geita." Odilia alicheka mpaka nikaogopa bandeji itafunguka. "Mwambie huyo simu asijisikie vibaya," akasema. "Hata sisi hatukukiona, na tulikuwa tunakitazama kila siku."

Ngoja niwaeleze vizuri, maana Jackline ameniambia Bibi hueleweki, unaanzia katikati. Mwaka ule nilikuwa naishi Kagoma kwa shangazi yangu, Ma Paskazia. Kwa nini nilikuwa kwake na si kwetu, hayo ni marefu na hayana utamu. Ilikuwa miaka ya ujamaa wenyewe, na tayari miaka kadhaa nyuma baadhi ya watu wetu walikuwa wamepewa maeneo kwenye rweya, ile mbuga ya nyasi tupu isiyo na mgomba hata mmoja, wakaambiwa hapa ndipo kijiji kipya, jengeni. Shangazi hakuhamishwa kwa sababu kibanja chake kilikuwa na migomba ya babu zake na mibuni imezaa, nani angeanza kuing'oa? Nyumba yake ilikuwa na bati mbele na jiko la nyasi nyuma. Sebuleni hapakuwa na sementi, tulitandaza nyasi laini chini, na zikichakaa tunazitoa tunatandaza mpya, ndiyo maana ukiingia unanusa rweya nzima imekuja kukusalimia. Ukutani Bikira Maria, chini yake kiti cha shangazi ambacho hakuna mwingine aliyekikalia, na pembeni kikapu kidogo cha kamwani, zile kahawa zetu za kuchemsha na kukausha, mgeni akifika anapewa atafune kabla hajaulizwa kilichomleta. Sabuni ilikuwa shida mwaka ule, sukari ilikuwa shida, lakini nyumba ile sikuwahi kulala na njaa. Ndizi na maharage, ndizi na dagaa, ndizi na senene, wale panzi wetu, wakianguka. Hata sasa nikinusa jani la mgomba linababuliwa motoni, namwona shangazi ameinama, anafunika chungu, ananiambia, "Verdiana, chakula ni kama mtoto, usipomfunika vizuri analia."

Projestus nilimpenda kwa jinsi alivyokula. Msicheke. Alikuwa anasomba magunia ya kahawa kwa baiskeli kupeleka chama cha ushirika, na siku aliyokuja kuchukua ya shangazi akakaribishwa chakula. Wanaume wengi wa wakati ule walikula kama wanafukuzwa. Huyu alikula taratibu, akamega ndizi, akachovya, akatulia, akasema, "Huu mchuzi aliyeupika hakuwa na haraka." Mimi niliyeupika nilikuwa nyuma ya mlango. Kuanzia hapo nikawa naona gunia la kahawa la shangazi linachelewa sana kujaa.

Akatuma mshenga, Ta Novatus, mzee mwenye maneno kuliko redio. Mimi nilikuwa jikoni nasikiliza, ukuta wa nyasi hauna siri.

"Ma Paskazia, waitu," akaanza, kwa lile neno letu la heshima, "tumeona kwenye kibanja chako pameota ua."

"Ua ni la kuangalia. Umeangalia?"

"Kijana ana adabu, anasali, ana baiskeli."

"Baiskeli haiitikii enduru."

Ta Novatus alinyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia amenyamaza. Kisha nikasikia kiti kinasogezwa, anaaga, na kamwani aliyopewa hakuitafuna.

Hapo lazima nieleze kitu ambacho siku hizi hakipo, siku hizi mna polisi na namba za kupiga. Enduru ni ukelele wa hatari. Mwizi akiingia, moto ukiwaka, mtu anapiga ukelele, jirani akiusikia anaupokea anaupiga na yeye, na wa pili yake hivyo hivyo, nyumba kwa nyumba, mpaka bonde zima linalia, na kila mwanaume anatoka na panga lake kukimbilia kule sauti ilikoanzia. Kupiga enduru ya uongo ni kosa kubwa. Lakini kosa kubwa zaidi ni kuisikia na kukaa. Asiyetoka, aidha ni mwizi mwenyewe au ni ndugu wa mwizi, hakuna la tatu. Na kulikuwa na walinzi, kabla hata ya hilo jina la sungusungu kufika kwetu. Wanaume wa kiapo, wanakaa kilimani usiku kuangalia nani anapita na mali ya watu. Kilima chao kilikuwa Kanyamaisho tangu enzi za babu zao. Mwanamke hakupanda kule, na mlinzi hakuruhusiwa kusema lolote la walinzi, wala walikokaa, wala zamu ya nani, hata kwa mke wake.

Sasa, kabla mimi sijafika Kagoma, wezi wa ng'ombe waliingia. Walinzi wakapiga enduru, watu wakatoka, wakapigana nao bondeni, na mkuu wa walinzi, Ta Wilbrod, akakatwa panga mkono wa kushoto, haukunyooka tena. Kesho yake wakahesabiana. Aliyekosekana ni mmoja, Ta Ladislaus, baba yake Projestus na Odilia. Alipoulizwa akasema, sikusikia. Watu wakaguna. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabisa, peke yake chini ya kilima, na kilima chenyewe ni hicho hicho Kanyamaisho! Kimesimama juu ya migomba yake kama kofia. Mtu akikohoa kule juu, huku chini unaweza kumwambia pole. Asisikie vipi?

Hawakumpiga, hawakumchomea nyumba. Walimwacha tu. Ndiyo adhabu yetu ilivyokuwa, nayo ni kali kuliko fimbo. Akitengeneza lubisi, pombe yetu ya ndizi, haji mtu. Akienda msibani, anakaa upande wake. Pombe ikizunguka, kibuyu kimoja na mrija mmoja, kikimfikia anarukwa kama pale pamekaa kisiki. Mkewe alikuwa anachota maji mchana jua likiwaka, ili asikutane na wenzake. Na Projestus, angepewa msichana wa nyumba gani? Nyumba iliyoachwa haiozeshwi. Shangazi yangu ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu yangu, na lilikuwa hapana, na hapana ya Ma Paskazia hata padri aliiheshimu.

Nililia, kisha nikachoka kulia, nikamtafuta Odilia. Tulikutana rweya, tunakata nyasi za kutandika, kazi ya wanawake na wasichana, hakuna anayekuuliza unakwenda wapi ukiwa na mundu na kamba.

"Baba hadanganyi," Odilia aliniambia. "Baba analala kama kuku. Panya akipita darini anaamka. Ingekuwa sauti imetoka Kanyamaisho angesikia."

"Sasa ilitoka wapi?"

"Si ndio hapo. Kila mtu anasema Kanyamaisho."

"Basi tupande tukaone."

"Wewe! Mwanamke hapandi kule."

"Mwanamke hapandi. Nyasi je? Nyasi zinaota kokote."

Odilia ni mwoga mpaka leo, hata sindano ya macho alinishika mkono kama anazaa. Lakini alipanda. Tulipanda Kanyamaisho mchana kweupe, tunakata nyasi mbili tatu kila tukifika mahali, kama mtu anatuangalia. Kule juu palikuwa na mawe yamepangwa duara, kiti cha walinzi wa zamani, na tukaona paa la nyumba ya kina Odilia chini pale, mama yake anaanika mtama, tukamsikia hata anavyofukuza kuku. Tukakaa kwenye mawe. Mawe yalikuwa na kuvu. Katikati ya duara palikuwa pameota mti, mti mzima, unene wa mkono wangu. Odilia ndiye aliyeona kitu kinachokosekana. Aliinama, akapekua nyasi, akapekua, akasema, "Verdiana, maganda yako wapi?"

"Maganda gani?"

"Ya kamwani. Wanaume wakae hapa usiku mzima bila usingizi, wanatafuna nini? Baba akikaa na gazeti tu, chini ya kiti ninafagia maganda ya wiki."

Hapakuwa na ganda hata moja. Pale hapakuwa pamekaa mtu tangu mti ule ni mche.

Miezi iliyobaki ya mwaka ule ikawa ya vilima. Shangazi alinisifu, hakuna nyumba Kagoma iliyotandikwa nyasi mpya mara nyingi kama yetu, wageni wakawa wanavua viatu mlangoni kwa heshima. Hakujua kila tita ni kilima kimoja kimekaguliwa. Tulipanda kimoja tukakuta nyuki, tukashuka bila mundu. Tulipanda kingine tukakuta katekista anafanya mazoezi ya kuhubiri peke yake, anapiga kelele kuhusu Yona, tukalala chini kwenye nyasi tunabana vicheko mpaka samaki akamtapika. Tulikula ndizi za kuchoma tulizofunga kwenye kanga, tulikunywa maji ya chemchemi kwa jani. Jamani, tulikuwa na dhiki kubwa na tulikuwa na furaha kubwa, sijui vilikaaje pamoja.

Mpaka siku tuliyokwenda mbali kuliko zote, ng'ambo ya rweya, hata kupita kile kijiji kipya cha ujamaa na nyumba zake zilizopangwa mstari kama magereza. Nyuma yake kuna mgongo wa mawe, na juu ya mgongo kuna kilima kidogo ambacho ukiwa Kagoma hukioni kabisa. Mimi nilitaka kurudi, miguu imechanika. Odilia akasema hiki tu. Tukafika juu. Upepo mwingi, ziwa linang'aa kwa mbali kama kipande cha bati. Nyasi zimelala kwa kukaliwa. Majivu. Na chini ya jiwe kubwa, maganda ya kamwani, mengi, marundo, ya zamani yameoza na mapya bado yana mate. Tuliyachota kwa mikono kama tumepata dhahabu.

"Zoeni vizuri, msiache."

Tukageuka. Ta Wilbrod amesimama pale, kuni begani, mkono wake ule wa kushoto umekunjwa kifuani. Tukapiga magoti sote wawili bila kuambiwa.

"Mnafanya nini hapa?"

"Tunakata nyasi, waitu," nikasema.

"Nyasi. Juu ya mawe." Akatua kuni. Akamwangalia Odilia. "Wewe si binti wa Ladislaus?"

Nikawahi kujibu mimi. Sijui nilipata wapi ulimi. Nikamwambia, "Ta Wilbrod, wewe ulikatwa mkono, tunakupa pole. Lakini baba yake Odilia naye amekatwa, na watu wote wanasema enduru ilitoka Kanyamaisho, kilima kilicho juu ya nyumba yake. Sisi tumepanda Kanyamaisho. Hapajakaa mtu."

Alitafuta kamwani mfukoni, akatafuna, akatema ganda kwenye rundo. Kisha akasema taratibu, "Hapa ndipo Kanyamaisho. Mlinzi anaapa kukaa Kanyamaisho, hawezi kuapa kukaa kilima kisicho na jina. Kijiji kipya kilipokuja na sisi tukasogea huku tuwalinde na wao, basi jina tukaja nalo. Mimi sijawaambia hivyo. Mmeona wenyewe kwa macho yenu."

"Lakini kwa nini wewe hukumtetea?"

"Kwa kusema tulipokaa? Kiapo changu kingekuwa na maana gani? Tena mimi sikuona haja. Enduru haihitaji kilima. Inatembea nyumba kwa nyumba mpaka ya mwisho. Nilijua imemfikia." Akaniangalia vizuri sasa. "Kama haikumfikia, kuna nyumba ilipoishia. Kajueni jirani yake ni nani."

Hatukuhitaji kutuma mtu kujua. Nyumba ya Ta Ladislaus ilikuwa ya mwisho, na kabla yake kuna nyumba moja tu upande ule wa bonde. Ina bati mbele na jiko la nyasi nyuma.

Odilia na mimi tukarudi, tukaachana njia panda kila mtu na tita lake. Jioni shangazi alipika ndizi na njegere, akanipakulia, akaniuliza mbona sili, nikasema nakula. Nilimwangalia mikono. Mikono iliyonilisha mwaka mzima. Kama ningenyamaza, nani angejua? Wilbrod amefungwa na kiapo, na Odilia aliniambia njia panda kwa macho tu kwamba hatasema, kwa sababu yule ni shangazi yangu. Lakini kama ningenyamaza, Projestus angeoa wapi, na mama yake angechota maji mchana mpaka afe? Nikaweka sahani chini, nikamwambia yote. Kilima, maganda, Wilbrod, nyumba kwa nyumba.

Shangazi hakunikatisha. Alichukua ndizi nyingine kwenye mkungu wa kesho, akaanza kumenya, ingawa tulikuwa tumeshakula. Akamenya, akamenya. Mwisho akauliza, "Maganda yalikuwa mabichi?"

"Yalikuwa mabichi, Shangazi."

"Haya. Lala."

Siku zilizofuata hakunisemesha zaidi ya salamu, akawa anatengeneza lubisi, peke yake, alikataa nisaidie hata kukamua. Nikasema moyoni nimefukuzwa, anatengeneza pombe ya kuniaga. Kumbe pombe ilipoiva akavaa gauni lake la Pasaka, akanitwisha kibuyu, akasema, "Tunakwenda kwa Ladislaus."

Alikuwa amemwita balozi wetu wa nyumba kumi, na Ta Wilbrod, na Ta Novatus, na wazee wengine ambao walikuja shingo upande, maana ua ule walikuwa hawajaukanyaga muda mrefu. Ta Ladislaus alikuwa mtu mkubwa, mpole, amevaa koti lake la kanisani kwa sababu alijua tu wageni wanakuja, hakujua ni wa heri au wa kumhamisha. Mkewe alitandika mikeka. Projestus alisimama nje kwenye mibuni. Mimi na Odilia tulipiga magoti pale mlangoni.

Shangazi hakukaa. Alisema, "Ile enduru ya wezi wa ng'ombe, mimi niliisikia. Niliipata kutoka kwa wa juu yangu. Nikafungua mdomo niipeleke kwa Ladislaus, nikasema, aa, huyu ana kilima cha walinzi juu ya paa lake, mimi nimpigie kelele za nini? Nikafunga mlango. Kumbe kilima hakikuwepo. Sauti iliishia kwangu." Akavuta pumzi. "Na kesho yake ni mimi niliyekuwa wa kwanza kusema, Ladislaus hakutoka."

 Balozi alitazama viatu vyake. Ta Ladislaus alikuna kidevu, akasema kwa sauti ndogo kama anabembeleza, "Ma Paskazia, bojo, mwezi ule ulikuwa unaumwa kifua. Nilikusikia kanisani unakohoa. Hukuwa na sauti."

Mnaona? Alikuwa anamtafutia pa kutokea. Mtu aliyerukwa na kibuyu muda wote ule.

"Sikuumwa," shangazi akasema. "Nilidhani."

Ningejaliwa kuishi maisha mengine, ningeomba nikae tena kwenye mlango ule nisikie maneno yale mawili. Alikuwa mjane, hana mwanaume wa kumsemea, jina lake zuri ndilo lililokuwa ukuta wake, na aliubomoa mwenyewe mbele ya watu waliokuwa wakimwogopa. Nimefunzwa mengi na wengi, masista walinifunza kushona na Projestus alinifunza kuendesha baiskeli na kuanguka, lakini moyo wangu ulifunzwa siku hiyo. Kila nikisali namtaja yeye kwanza, hata kabla ya mama yangu, na mama anisamehe.

Ta Ladislaus aliinuka, akachukua kibuyu kile tulicholeta, akanywa yeye kwanza kwa mrija, akafuta mdomo, akampa shangazi. Shangazi akanywa. Akampa Ta Wilbrod, naye akakipokea kwa ule mkono mbovu, makusudi, watu waone. Kikazunguka. Hakikuruka mtu. Mama yake Projestus alikuwa analia na kucheka, anaulizwa maswali ya kawaida kabisa, mtama umeiva, mtoto wa fulani kazaa, kama mtu aliyekuwa safarini. Ta Novatus akakohoa, akasema, "Sasa kwa kuwa baiskeli imeshaitikia," na shangazi akamwambia anyamaze, mambo ya ua yatasemwa siku yake, lakini hakusema hapana.

Kibuyu kilipofika mlangoni kilikuwa kimebaki mashapo tu. Nilivuta mrija, nikapata kidogo, kitamu na kichungu pamoja, na Odilia akanigonga kiwiko ubavuni, akaninong'oneza, "Wifi, niachie na mimi."

Na mimi nikamwachia.